Mhadhiri wa uhandisi wa kinga ya mwili apewe maabara, si kiti na meza

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumzie ajira za uhadhiri katika fani inayokutanisha uhandisi tiba na kinga ya mwili. Vijana wa Kanda ya Ziwa wanaosoma uhandisi tiba wameanza kuiulizia, na ni vizuri wakajibiwa kwa kina. Hofu yangu ni moja. Chuo kinaweza kumwajiri mtu aliyeisomea kazi hii miaka kumi, kikampa ofisi, mshahara na vipindi vya kufundisha, kikasahau maabara. Miaka miwili haitapita kabla mtu huyo hajageuka mwalimu wa saketi na michoro, na yale aliyoyafuata Marekani au Afrika Kusini yakabaki kwenye cheti ukutani.

Wengi wetu tunamjua mhandisi tiba kama mtu wa mashine za hospitali: mitungi ya oksijeni, mashine za usingizi, eksirei. Ni kazi ya heshima, na hospitali kubwa kama Bugando haiwezi kulala usiku mmoja bila watu hao. Mhandisi wa kinga anafanya kazi nyingine. Anabuni kitu ambacho askari wa mwili watakutana nacho, kisha anapima watakavyokipokea. Ukipandikiza plastiki au chuma mwilini, seli ziitwazo makrofaji hukivamia. Zikishindwa kukimeza, huungana zikawa seli kubwa, na baadaye mwili hukizungushia kovu. Kifaa cha kupima sukari kilichowekwa chini ya ngozi hupoteza usahihi kwa sababu hiyo hiyo. Kazi ya mhandisi ni kubadili uso wa kifaa, ukubwa wake au umbo lake ili askari wasikishambulie. Katika chanjo anataka kinyume chake, yaani washtuke, tena washtuke mahali panapotakiwa.

Mfano wa karibu tunao hapa Mwanza. Chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, haina kirusi ndani yake. Ina protini ya ganda, L1, inayozalishwa ndani ya hamira au seli za wadudu. Protini hiyo hujipanga yenyewe ikawa mpira wenye vifundo 72 na upana wa nanomita kama 55, na kwa kuwa vifundo vimejirudia kwa mpangilio ule ule, kinga huuona mpira kama kirusi kamili. Utafiti wa DoRIS, uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ulilinganisha dozi moja, mbili na tatu. Matokeo yake ni sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani likubali dozi moja mwaka 2022, na Tanzania ikahamia dozi moja mwaka 2024. Damu ilitoka kwa mabinti wa hapa. Vipimo vikuu vya kingamwili, yaani protini ambazo kinga hutengeneza dhidi ya adui, vile vya kulinganisha na tafiti nyingine, vilifanyika katika maabara ya Frederick, Maryland. Sina ugomvi na uamuzi huo, kwa sababu ukilinganisha tafiti mbili ni lazima kipimo kiwe kimoja. Lakini yapo maswali yasiyoweza kusafiri na sampuli, na hayo ndiyo yanayohitaji mhadhiri anayeishi hapa.

Chukua kichocho cha tumbo. Minyoo ya Schistosoma mansoni inakaa kwenye mishipa ya utumbo kwa miaka. Mayai yake hunasa kwenye ini, kinga ikayazungushia vinundu, na mwili mzima ukavutwa kuelekea mwitikio wa aina ya Th2, ule ambao kinga huutumia dhidi ya minyoo. Ugonjwa ukishakuwa sugu, huongezeka pia seli T, aina ya seli nyeupe za damu, zinazotuliza kinga, hizo hizo zilizowapa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025. Sasa fikiria chanjo mpya au kipandikizi kilichojaribiwa kwa watu wa Boston wasio na mnyoo hata mmoja. Kitapokelewaje na mwili wa mvuvi wa Ukerewe aliyeingia majini tangu ana miaka mitano? Mtu wa Boston hana sababu ya kuamka na swali hilo. Sisi tunayo, na wagonjwa wa kutujibu wako upande wa pili wa kivuko.

Ila swali hilo linadai seli zilizo hai, na seli hai hazina subira. Naomba nieleze kazi yenyewe ili msomaji aone kwa nini kiti na meza havitoshi.

Mililita 10 za damu, zikiwa kwenye chupa yenye heparini ya kuzuia damu isigande, zina seli nyeupe za aina tunayoitaka kati ya milioni 10 na milioni 20. Damu huchanganywa nusu kwa nusu na maji ya chumvi yaliyosawazishwa, kisha humiminwa taratibu, bomba likiwa limeinamishwa, juu ya kimiminika kinachoitwa Ficoll, chenye uzito wa gramu 1.077 kwa kila mililita. Huzungushwa kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 400, yaani mara 400 ya mvutano wa dunia, dakika 30, nyuzi joto 20, breki ikiwa imezimwa. Ukitoa bomba utaona nyekundu chini, manjano juu, na katikati utando mwembamba mweupe kama ukungu wa alfajiri juu ya ziwa. Utando huo ndio unaotafutwa. Hunyonywa kwa pipeti, husafishwa mara mbili, huhesabiwa.

Yanayoharibika ni mengi, na kila moja lina sababu yake. Breki ikiachwa imewashwa, mashine inaposimama ghafla tabaka huchanganyika na ukungu hutoweka. Ficoll ikitolewa kwenye jokofu na kutumiwa ingali baridi, uzito wake unakuwa umebadilika na seli haziketi mahali pake, kwa hiyo lazima iachwe kwanza ifikie joto la chumba. Damu ikiwekwa kwenye barafu kwa nia njema ya kuihifadhi, au ikikaa kutwa nzima, seli nyingine nyeupe huchangamka, hubadilika uzito na kuingia kwenye utando usio wao. Damu ya kazi hii husafiri kwenye joto la kawaida, nyuzi 18 hadi 25, na inafaa iwe imeshughulikiwa ndani ya saa 8. Kivuko kutoka Nansio hadi Mwanza huchukua saa tatu na zaidi. Aliyetolewa damu saa mbili asubuhi Ukerewe, sampuli yake inafika mchana na bado ina nafasi. Aliyetolewa saa nane mchana, mteknolojia atakesha. Ratiba ya utafiti hapa hupangwa kwa kuangalia kivuko kwanza.

Kosa linalowapata hata waliosoma mbali ni la mizunguko. Maelezo ya mashine moja yanasema mizunguko 1,450 kwa dakika, na kijana anaipachika namba ile ile kwenye mashine nyingine. Kwa sentrifuji yenye kipenyonusu cha sentimita 17, mizunguko 1,450 ni g 400 kasoro kidogo. Kwa ile ndogo ya sentimita 10 ni g 235 tu, na seli hazitengani. Andikeni g kwenye daftari la maabara, msiandike mizunguko.

Seli zisipotumika siku hiyo hugandishwa katika mchanganyiko wenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayozikinga seli na barafu, zikipoozwa nyuzi moja kila dakika hadi hasi 80. Kesho yake huhamishiwa kwenye naitrojeni kimiminika ya nyuzi hasi 196. Zikisahauliwa kwenye friza ya hasi 80 kwa miezi, utakapoziyeyusha utakuta nyingi zimekufa, na sampuli yenye seli hai chini ya asilimia 70 heri kuiacha kuliko kuiandikia makala. Tangi la naitrojeni nalo huvukiza robo hadi nusu lita kwa siku hata usipolifungua. Hapo wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe ni majirani muhimu kuliko tunavyodhani, maana wanatumia naitrojeni ile ile kutunza mbegu za madume. Chuo kinachotaka kuanza kazi hii kiwatafute mapema na kupanga nao safari za kujaza.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ina mgandamizo wa kilopaskali kama 88 badala ya 101. Otoklevu, chungu cha kuua vijidudu kwa mvuke, ikiwa ya kawaida yenye geji tu huambiwa ifike paundi 15 kwa inchi ya mraba ili mvuke uwe nyuzi 121. Kwa Mwanza, paundi 15 kwenye geji ni nyuzi kama 119. Inatakiwa karibu paundi 17. Nyuzi mbili zinaonekana kidogo, lakini ukipika kwa dakika 15 zile zile za kitabuni unaweza kuwaachia uhai bakteria sugu, na wiki nzima ya kukuza seli ikaharibika kwa uchafu ambao mtu atamsingizia mwanafunzi. Inkubeta ya kabondayoksaidi, kabati la kukuzia seli, ina hadithi hiyo hiyo: asilimia 5 ya pwani inalingana na asilimia 5.7 ya hapa, la sivyo asidi ya kimiminika cha seli inasogea. Mhadhiri mzuri wa fani hii ndiye anayejua mambo kama haya na kuyafundisha. Hawezi kuyafundisha ubaoni.

Kwa hiyo naomba vyuo vyetu vitenge fungu la kuanzia kwa kila nafasi ya namna hii, likitajwa ndani ya barua ya ajira. Nchini Marekani mhadhiri mpya wa uhandisi tiba hupewa fungu hilo kabla hajafundisha kipindi kimoja, mara nyingi mamia ya maelfu ya dola na wakati mwingine zaidi ya milioni. Hatuwezi kushindana na hilo, wala hatuhitaji. Maabara ya kuanzia inahitaji kabati la usalama wa kibiolojia la daraja la pili, inkubeta, sentrifuji inayopoza, darubini ya kutazama seli kwa chini, mashine ya kusoma ELISA (kipimo cha kingamwili), friza moja ya hasi 80 na tangi moja la naitrojeni. Mashine ya saitometria, ile inayopitisha seli moja moja mbele ya leza na kuzitambua kwa rangi, isinunuliwe mwanzoni. Ni ghali mno kwa mtu mmoja, bei yake hufika mamia ya mamilioni ya shilingi, na ikikosa mkataba wa matengenezo inageuka kabati. Kwa vifaa vya aina hii, tenga kila mwaka kama asilimia 10 ya bei ya kununulia kwa ajili ya matengenezo pekee. Mwanza tuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) na kitengo cha utafiti wa majaribio cha MITU, na wote hawako mbali. Mashine moja iliyotunzwa, yenye ratiba ya pamoja na mteknolojia mmoja wa kudumu, ina faida kuliko tatu zilizofungiwa vyumbani.

Huyo mteknolojia nimemtaja makusudi. Chuo kikinyimwa pesa, nafasi yake ndiyo hukatwa kwanza, na bila yeye mhadhiri hutumia asubuhi zake kuosha chupa na kufukuzia umeme. Friza ya hasi 80 inahitaji kidhibiti cha volti, kingora kinachopiga simu joto likipanda, na kompresa iliyosafishwa vumbi kila baada ya miezi mitatu. Inahitaji pia nafasi tupu katika friza ya jirani, kwa ajili ya usiku ambao ya kwako itazima. Vitendanishi, yaani kemikali za vipimo, navyo vina adabu zake. Kingamwili zilizounganishwa na rangi kama PE hukaa nyuzi 2 hadi 8, na mtu akizigandisha akidhani anazitunza zaidi, rangi inakufa. Oda isiingie Dar es Salaam Ijumaa jioni. Boksi likikaa uwanja wa ndege hadi Jumatatu, vipande vya barafu vinakuwa maji, na hakuna anayekurudishia fedha.

Kuhusu mashine za zamani za kuhesabu seli za kinga za CD4 zilizokuja na programu za ukimwi, kuna wanaodhani zitafaa kwa utafiti huu. Nyingi zimefungwa zifanye hesabu ile moja tu, na hukubali vitendanishi vya kampuni yao pekee. Zinafaa kufundishia wanafunzi jinsi leza na vichujio vinavyofanya kazi, na kwa hilo zingepelekwa darasani leo.

Sasa nigeukie vijana. Njia ya kuwa mhadhiri wa fani hii ni ndefu na ina milango yenye makufuli. Matangazo ya ajira za vyuo vikuu hapa nchini kwa kawaida hudai GPA isiyopungua 3.5 katika shahada ya kwanza, mengine 3.8, na 4.0 katika uzamili. Aliyepata 3.3 mwaka wa kwanza ajue bado ana muda wa kuipandisha, ila muda ni huo. Kufuli la pili linauma zaidi kwa sababu halitokani na uzembe wa mtu: matangazo husema shahada zote ziwe za fani moja au inayohusiana. Aliyeanzia elektroniki akamalizia kinga ya mwili hukataliwa na uhandisi kwamba ni mtu wa biolojia, akakataliwa na udaktari kwamba hakusomea tiba. Ukiwa mwanafunzi, jikinge kwa kuhakikisha uzamili wako una neno uhandisi tiba kwenye cheti na kinga ya mwili kwenye tasnifu. Wanaoandika matangazo nao wataje fani kwa upana: uhandisi tiba, uhandisi kemikali, baiolojia ya molekuli, kinga ya mwili.

Uzamivu si lazima uvuke bahari. Entebbe kuna watafiti wa kinga waliobobea, Kisumu kuna KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na miji yote miwili inanawa maji ya ziwa hili hili. Cape Town wana uhandisi tiba na maabara kubwa za magonjwa ya kuambukiza. Anayelenga Marekani ajue maombi ya uzamivu hufungwa mwanzoni hadi katikati ya Desemba, na kwamba wanafunzi wa uzamivu katika uhandisi kwa kawaida hulipiwa ada na kupewa posho. Asilipie mtu wa kati. Amwandikie profesa barua fupi ya aya tatu: nini umefanya kwa mikono yako, makala ipi ya kwake umeisoma na swali gani limekubakia, na unaomba nini.

Baada ya uzamivu hufuata miaka miwili hadi minne ya utafiti chini ya bingwa mwingine, ndipo mtu anaomba uhadhiri. Huko Marekani matangazo hutoka Agosti hadi Oktoba, na usaili huwa Januari hadi Machi. Hudai maelezo ya utafiti ya kurasa tatu hadi tano, maelezo ya ufundishaji, na barua za wadhamini watatu au zaidi. Watu wetu wanaangushwa na mambo mawili. La kwanza ni maelezo ya utafiti yanayoahidi kutibu malaria, ukimwi na saratani kwa pamoja. Kamati inataka swali moja, jaribio la kwanza, kipimo kitakachoonyesha umekosea, na jinsi kazi yako ilivyo tofauti na ya profesa aliyekulea. La pili ni barua ya mdhamini ya nusu ukurasa isemayo kijana ni mwenye bidii na nidhamu. Kwao barua hiyo ni sawa na kukataliwa. Mpe mdhamini wako mambo matatu uliyoyafanya, kwa tarehe na matokeo, aandike kurasa mbili.

Usaili wenyewe huchukua siku mbili. Kuna mhadhara wa dakika 45 au 50 mbele ya idara nzima, kisha kikao cha chaki, ambapo unasimama ubaoni bila slaidi na kueleza maabara yako ya miaka mitano: fedha utaomba wapi, mwanafunzi wa kwanza atafanya nini, jaribio likigoma utafanyaje. Kikao hicho vyuo vyetu vingekiiga bila gharama yoyote. Saa moja ubaoni inamwonyesha mtu kuliko kurasa arobaini za wasifu.

Fedha za utafiti zimebana. Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha mfumo wa zamani wa kupitisha ruzuku kwa washirika wa nje ya nchi, na maabara nyingi za Afrika ziliishi kwa mfumo huo. Hii ni sababu nyingine ya mhadhiri mpya kutoachwa aishi kwa ruzuku tangu siku ya kwanza. Kabla ya kugusa damu ya mtu yeyote anahitaji kibali cha maadili cha chuo na cha taifa kupitia NIMR, na sampuli ikitoka nje ya nchi kuna mkataba wa uhamishaji. Hizo ni hatua za miezi. Chuo kikidai makala za kupandisha cheo baada ya miaka mitatu, kihesabu kwamba mwaka wa kwanza wa mtu huyu utaishia kwenye vibali, vitendanishi na kufunga friza. Kihesabu pia kifaa alichobuni na itifaki aliyoisimika, maana jina la saba kwenye makala ya watu kumi na wawili huenda ndilo lililokesha na sentrifuji.

Nafasi ya namna hii itakapotangazwa Kanda ya Ziwa, naomba tangazo liwe na mistari minne isiyokuwepo kwenye matangazo ya kawaida: kiasi cha fungu la kuanzia kwa shilingi, chumba cha maabara na ukubwa wake, jina la cheo cha mteknolojia atakayeambatana na mhadhiri, na vipindi visivyozidi sita kwa wiki katika miaka miwili ya kwanza. Na kijana atakayeitwa kwenye usaili ambao mistari hiyo haipo, aiulize kabla ya kutia saini, na majibu ayapate kwa maandishi.

Mdau wa uhandisi tiba,
Nyamagana, Mwanza